Wiki Niliyokuwa Mdomo wa Mama Nora

Nyinyi mnaokuja barazani kwangu Jumamosi na madaftari yenu, mkiniuliza ukalimani hufanywaje, mimi huwajibu mambo ya mikono na miguu. Simama nusu hatua nyuma ya msemaji. Usile andazi kabla ya kusimama mbele ya watu, maana chembe moja ikikwama kooni itakusubiri hadi ufikie jina refu ndipo ikukohoze. Hesabu ziandike kwenye kiganja. Mengine nimekuwa nikiyaacha kwa sababu hayaingii daftarini haraka. Leo nimeamua kuyaandika mwenyewe.

Nimeifanya kazi hii makanisani, mahakamani, hospitalini na kwenye mikutano ya vikundi, hadi sauti yangu ilipoanza kukwaruza. Lakini nikikaa mchana na kufumba macho, miaka yote hiyo hujikunja ikawa wiki moja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa kumi, pale Kaloleni, Nairobi. Naiona kama kitu kilicho chini ya maji yaliyotulia. Naona nyumba za mawe na paa zake za vigae, leso zilizoanikwa juu ya ua, maua ya mjakaranda yakianguka moja moja bila upepo, na kwa mbali mabehewa yakigongana pole pole upande wa reli. Na katikati yake wamesimama wazee wawili wa kizungu, mume na mke, wameshikana mikono kama watoto wanaotaka kuvuka barabara.

Mume aliitwa Mzee Walter. Alikuwa amefundisha useremala shuleni huko kwao Kanada mpaka alipostaafu. Mkewe, Mama Nora, alikuwa fundi wa kushona. Watoto wao walishakuwa watu wazima, na kanisa lao lilikuwa limewatuma kwetu kwa mwaka mmoja na nusu, kutembelea familia, kufundisha kushona, na kusema neno penye haja ya neno. Walipanga nyumba Buruburu. Kila asubuhi walikuja Kaloleni na pikapu ya buluu iliyokohoa kila ilipozimwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza masomo ya taipu na sijapata pa kutaipu. Aliyenipa kazi ni Mwalimu Eliya, karani mstaafu wa reli, ambaye alikuwa mkalimani wa kanisa letu tangu mimi nikibebwa mgongoni. Macho yake yalikuwa yameanza kuziba, akasema heri aachie mtu kabla hajaanza kusoma Zaburi mahali pa Mithali.

Jumapili yao ya kwanza nilianza kwa kishindo. Mzee Walter alieleza kwamba yeye na mkewe wamestaafu. Katika Kiingereza chake cha puani, maneno ya kustaafu na kuchoka yalisikika kama mtu na pacha wake. Nikatangaza, kifua mbele, "Mimi na mke wangu tumechoka sana, ndiyo maana tumekuja kwenu." Kanisa zima likawaonea huruma. Vikaletwa viti viwili vyenye mito, na kabla ya wimbo wa pili kwisha, Mama Truphosa, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa amefika na jagi la uji. Wageni wakanywa wakashukuru. Kwa miezi mitatu hawakuelewa ni kwa nini kila nyumba waliyoingia waliombwa kwanza wajilaze kidogo.

Mwalimu Eliya aliposikia alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanipa sheria mbili. Ya kwanza, usiposikia uliza, kwa sababu aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Ya pili aliisema pole pole.

"Akisema mimi, wewe sema mimi. Ukianza na 'anasema kwamba,' umemwacha mlangoni."

Nilimwuliza inawezekanaje msichana wa umri wangu asimame aseme "mimi nina wajukuu tisa." Akanijibu kwamba watu watamtazama mwenye wajukuu. Nikamwuliza tena, je, msemaji akisema upuuzi? Akasema basi nitakuwa mpuuzi kwa dakika hizo, kisha nitaenda nyumbani kunywa chai.

Mzee Walter naye alijitahidi kujifunza Kiswahili. Siku moja aliwasalimu akina mama bila msaada wangu, akisema, "Nimefurahi kuwaoa nyote." Mama Truphosa akataka kujua mahari italetwa lini. Nilipomtafsiria Mama Nora, alijibu papo hapo kwamba wamchukue kuanzia leo, ila siku ya kufua wamrudishe, maana ndiye anayekamua mashuka. Ndivyo alivyokuwa mama yule, mwepesi wa maneno. Nawaambia ili mjue ni kitu gani kilichokuwa kinapotea.

Kwa maana kilianza kupotea machoni pangu wiki hiyo ninayoisema. Jumanne tulitembelea nyumba tano hapo Kaloleni. Katika nyumba ya tatu Mama Nora alimuuliza mwenye nyumba ana watoto wangapi, akajibiwa, akafurahi. Chai ilipomiminwa akauliza tena. Tulipoaga akauliza mara ya tatu kwa furaha ile ile. Nilidhani ni jua. Mzee Walter alimshika kiwiko akamwongoza nje, akizungumzia maua.

Jumatano ilikuwa siku ya akina mama. Walikusanyika ukumbini, wengi wao wametoka sokoni, na somo lilikuwa subira. Mama Nora alianza vizuri, nami nikimfuata. Kisha akageuka kutazama dirishani, pale mwanga ulipokuwa ukiingia na vumbi lake likielea. Alipofungua mdomo tena, sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. Aliuliza nani ameacha jiko lizimike. Alisema theluji imefika kwenye kizingiti na baba hajarudi na farasi.

Nyuso arobaini zilikuwa zikinisubiri. Badala ya kusema alichosema, nikafungua mdomo na kutoa hotuba yangu mwenyewe. Nilihubiri juu ya githeri. Nilisema mahindi na maharagwe hayaivi kwa mwendo mmoja, lakini chungu ni kimoja na moto ni mmoja, na mpishi mwenye subira hamlaumu aliyechelewa. Yeye aliendelea na theluji yake, mimi nikaendelea na githeri yangu, na akina mama wakaitikia amina. Wawili waliandika. Naona aibu kuwaambia kwamba ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na kwamba nilijisikia mrefu.

Baadaye walipanga foleni kumshukuru. Mama Truphosa, aliyekijua Kiingereza kiasi, alimshika mikono akamwambia mfano ule wa githeri umemgusa. Mama Nora akatabasamu, kisha akanigeukia.

Kando ya pikapu, Mzee Walter alinivuta pembeni. Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesikia vya kutosha kujua nilichofanya, akanishukuru. Akaniambia ugonjwa huo wa kusahau aliuona tangu kabla hawajasafiri, na hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa ameomba maisha yake yote aje Afrika. Ikijulikana ofisini kwao, watarudishwa. Ilikuwa imebaki miezi mitano. Aliniomba nimfunike kwa miezi hiyo mitano tu.

Nikamwahidi. Nani angekataa?

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda kwao Buruburu kutaipu ripoti. Mzee alikuwa amepeleka pikapu kwa fundi. Mama Nora alikuwa jikoni akipiga pasi, na siku hiyo macho yake yalikuwa maangavu kama maji ya mtungi. Aliweka pasi kando.

"Githeri ni nini, Rispa?"

Nikamweleza, mahindi na maharagwe.

"Na mimi nilisema hayo?"

"Hapana, Mama."

Akaniomba nimwambie alichosema kweli. Nikamwambia yote, jiko, theluji, baba na farasi. Alisikiliza huku akikunja shati la mumewe, mkono juu ya mkono, taratibu, kama anayemlaza mtu. Nilitegemea atalia. Hakulia.

"Najua ninakokwenda," akasema. "Saa tu ndiyo siijui. Maneno yangu yanapungua, mwanangu. Haya yaliyobaki usiyabadilishe. Hata yakiwa mabovu, ni yangu."

Nikamwahidi na yeye pia. Kwa hiyo niliporudi Kaloleni jioni ile nilikuwa na ahadi mbili, na moja ilikuwa inaila nyingine. Nilimkuta Mwalimu Eliya ameketi nje ya mlango wake akipukuchua mahindi kwa kupapasa, maana alikuwa haoni vizuri tena. Nilimsimulia kila kitu. Nilitaka aniambie la kufanya, nimlaumu yeye likiharibika. Alipukuchua gunzi zima kwanza. Kisha akasema hajawahi kukalimani mtu bila siku moja kutamani kumrekebisha, na kwamba mara zote alizorekebisha, watu walimsifu. Niliondoka nimekasirika, na nilifika nyumbani ndipo nikaelewa ameniambia nini: sifa zile alizipokea yeye, na msemaji akabaki mlangoni.

Ijumaa tulikwenda Ziwani, kwa mama kijana aliyeitwa Pamela. Alikuwa rika langu. Mumewe alifanya vibarua huko viwandani. Mwezi mmoja kabla, mtoto wao wa kwanza, wa miezi mitatu, alikufa kwa homa ya mapafu, wakaenda kumzika kwao magharibi. Tangu warudi Pamela alikuwa hajalia, na hakuongea ila kwa kutikisa kichwa. Dada yake mkubwa, Everlyne, alikuwa amekuja kukaa naye, na ndiye aliyetuomba tufike.

Kilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa na pazia la maua, kitanda nyuma ya pazia. Nje maji yalikuwa yamefunguliwa bombani, tukasikia ndoo zikijaa moja baada ya nyingine. Pamela aliketi kwenye kigoda akitazama sakafu. Mzee Walter akasoma aya fupi, nikaitafsiri. Mama Nora akaanza kusema kwamba Mungu huwa karibu na waliovunjika moyo. Halafu macho yake yakatua kwenye pazia. Upepo ulikuwa unalivuta na kuliachilia, kama kitu kinachopumua. Akaweka kidole mdomoni, na kwa mnong'ono akatuambia tuzungumze taratibu, mtoto wake amelala.

Mzee Walter alinitazama. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nilijua anachotaka, na aya ya kufunika nilikuwa nayo tayari ulimini, nzuri, ya Isaya. Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa namna ile, hata mahakamani. Chumba kile kilikuwa kimefiwa na mtoto. Maneno yale yangeweza kumuua mtu.

Nikasema, "Tuzungumze taratibu. Mtoto wangu amelala."

Everlyne akainuka. Aliniuliza kama tumekuja kumcheka dada yake, na alikuwa amekwisha kuushika mlango atutoe. Lakini Pamela alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Mama Nora, si mimi.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikalipeleka swali kwa Kiingereza. Jibu likaja, nikalileta. "Anaitwa Ruth. Ana miezi minne. Amesumbuka usiku kucha, ndiyo kwanza ameshika usingizi."

"Wangu aliitwa Nekesa," Pamela akasema.

Mama Nora akakunja uso. Alisikia jinsi lilivyosemwa, kwa wakati uliopita. Akauliza mbona aliitwa. Pamela akajibu kwamba amekufa. Nikalisema hilo kwa Kiingereza, "amekufa," na nikaona likimwingia mama yule mzee polepole kama maji yanavyoingia mchangani. Alitazama pazia. Akamtazama mumewe. Kisha akasema kitu, na mimi nikakisema, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

"Wangu pia. Wangu pia amekufa. Nilikuwa nimesahau."

Basi, watoto wangu, fikirini. Mimi sikuwa nimeolewa, sikuwa nimezaa, na kwa dakika chache nilikuwa nimefiwa mara mbili, kwa lugha mbili, kila mmoja akisema "wangu" kwa mdomo wangu. Pamela alitoka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya Mama Nora, akaweka kichwa mapajani pake, na kilio chake cha mwezi mzima kikatoka. Mama Nora aliinama juu yake akilia naye. Everlyne aliachilia mlango. Hapo hapakuwa na cha kutafsiri. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, na hilo pia lijueni, kuna wakati kazi ya mkalimani ni kwenda ukutani.

Tulipotoka, Mzee Walter aliketi kwenye usukani bila kuwasha gari. Mama Nora alikuwa kati yetu, amechoka, ameegemea bega langu, usingizi umemchukua. Niliogopa kwamba mzee atanifukuza kazi. Alisema wao wawili hawakuwa wametaja jina la Ruth kwa zaidi ya miaka arobaini. Alifikiri walikuwa wamekubaliana hivyo. Akafuta kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

"Jumapili nitawaambia," akasema. "Na utasema kila kitu nitakachosema."

Jumamosi sikumbuki lolote. Nadhani nilifua.

Jumapili chumba chetu cha ibada kilijaa. Mzee Walter alisimama akawaeleza watu kwamba mke wake ni mgonjwa, kwamba maradhi yenyewe ni ya kusahau na hayarudi nyuma, na kwamba yeye aliwaficha. Akaomba radhi. Mimi nikasema, "Niliwaficha, nisameheni," na nikahisi sehemu ya radhi ile ni yangu. Nikaongeza kwa ruhusa yake kwamba ile hotuba ya githeri ilikuwa yangu, si ya Mama Nora. Mama Truphosa alinitazama kwa jicho moja, kisha akasema githeri ni githeri, hata mpishi akiwa mwingine. Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kikafungua madirisha.

Ndipo Mama Nora akainuka bila kuitwa. Alivaa gauni la samawati na sweta. Akaja mbele, akasimama pale anaposimama siku zote, nami nikachukua nafasi yangu nyuma ya bega lake. Akaanza kusema, na sikuelewa hata neno moja. Hakikuwa Kiingereza. Kilikuwa kitu laini, chenye kupanda na kushuka, karibu wimbo.

Ningeweza kutunga. Mwanzoni mwa wiki ile ile ningetunga. Niliwageukia watu nikasema, "Sielewi anachosema."

Mzee Walter alikuwa ameketi mstari wa mbele na uso mikononi. Aliuinua. Baadaye alituambia kwamba mkewe alizaliwa katika shamba la wahamiaji kutoka Norwe, na mpaka alipokwenda shule hakujua lugha nyingine. Yeye alikuwa ameokota maneno machache kutoka kwa mama mkwe. Alikuja polepole, akasimama nyuma ya bega la kulia la mkewe, nusu hatua, kama aliyefundishwa. Akasikiliza. Akaniambia kwa Kiingereza, nami nikawaambia kwa Kiswahili, na kwenye benchi la mbele mjukuu wa Kukhu Selina, bibi mzee kuliko wote pale, akamnong'onezea kwa Kiluhya.

"Ninaita ng'ombe," nikasema. "Jua linashuka, nimesimama langoni, nawaita waje nyumbani. Namwita Rosa. Namwita Stjerna. Namwita yule mweupe asiyependa kupita mtoni."

Hakuna aliyecheka. Wengi mle ndani walilelewa penye ng'ombe kabla ya kuja Nairobi. Kukhu Selina alitafuna mdomo wake usio na meno. Kisha akainua kidevu akajibu, kwa ile sauti ndefu ya kwao ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mama Nora akageuza kichwa. Akaita tena. Bibi akajibu tena. Wanawake wengine wakaingia, kila mmoja kwa mwito wa nyumbani kwake, na kwa muda, sijui ni mrefu kiasi gani, Kaloleni yote ilikuwa malisho na jioni ilikuwa inaingia, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi.

Waliondoka baada ya wiki tatu. Ofisi yao haikuwafukuza. Iliwatafutia ndege na daktari. Pamela alikuja Buruburu kumfungia Mama Nora mizigo. Miaka miwili baadaye alijifungua mtoto wa kike, na jina alilompa mnaweza kukisia nusu, kwa maana aliweka mawili.

Mzee Walter aliniandikia mara moja. Alisema Kiingereza cha Mama Nora kilikuwa kimekwisha chote, hata salamu, na kwamba watoto wao walikuwa wakija, wanakaa, wanaondoka bila kuongea naye. Yeye alikuwa amenunua kamusi ya Kinorwe na anajifunza maneno kumi kila asubuhi kabla mkewe hajaamka. Kila siku mkewe alikuwa akimuuliza yeye ni nani. Mwanzoni, aliandika, alijaribu majibu mepesi, jirani, fundi, mtu wa kuleta kuni. Kisha akaacha.

"Siku hizi namwambia mimi ni mume wake," aliandika. "Jana alinitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, basi ingia ndani, nje kuna baridi."